Jinsi ya Kuwaonyesha Watoto Namna Mimea ya Nchi Kame Inavyotunza Maji

Kutoka mjini Nakuru mtu hufika Marigat, katika nchi kame ya Baringo, na kurudi siku hiyo hiyo, ilhali watoto wetu husoma juu ya mimea ya nchi kame kana kwamba yaota mbali mno nao. Jaribio hili lahitaji mizani ya jikoni inayopima gramu, uzi, mafuta mazito ya kujipaka, na siku 5 za subira.

Asubuhi chuma jani moja la sukuma wiki na majani mawili ya mshubiri uliopandwa nyumbani, yanayokaribiana kwa ukubwa. Subiri utomvu wa manjano uishe kudondoka, kisha ziba kwa mafuta kila mahali palipokatwa, ili maji yasipate njia ila kupitia ngozi ya jani. Mtu mzima amenye ganda la upande wa juu wa jani moja la mshubiri. La pili libaki zima. Pima kila jani, andika uzito wake, tundika yote matatu kivulini penye upepo, na uyapime tena kila asubuhi saa ile ile. Kwa kuwa mshubiri ni mzito, usilinganishe gramu zilizopotea peke yake. Gawanya upungufu kwa uzito wa mwanzo, kisha uzidishe kwa 100.

Sukuma wiki haitakawia kunyauka. Kwangu mimi, hata hivyo, jani lililomenywa ndilo kiini cha jaribio, kwa sababu lina ute ule ule wa mwenzake na bado litakauka upesi zaidi, hivyo mtoto ataona kwamba akiba ya maji haifai kitu pasipo ngozi yenye nta ya kuilinda. Mshubiri ulio hai una kinga nyingine: vitundu vya majani yake hufunguka hasa usiku, hewa ikiwa baridi, vikaingiza kaboni dioksaidi ambayo mmea huihifadhi katika asidi hadi jua litoke.

Mkizuru Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, waonyeshe msitu wa yuforbia, miti ambayo shina lake la kijani limechukua kazi ya majani. Watazame tu, maana utomvu wake mweupe huunguza macho vibaya.

Kwa wanyama, anza na kosa ambalo bado nalisikia, kwamba nundu ya ngamia ni maji, ilhali ni mafuta. Akikosa maji, ngamia huacha joto la mwili wake lipande mchana kutoka nyuzi 34 hivi hadi zaidi ya 40, asipoteze maji kwa jasho, kisha hulitoa usiku. Digidigi naye hupata sehemu kubwa ya maji yake katika majani anayokula.

Siku ya 5, baada ya kupima, pasua lile jani zima mbele ya watoto, na kila mmoja aguse ute uliobaki ndani.