Somo: Ukigongwa na gari, namna ya kudai fidia kupitia wakili hapa Mwanza

Ndugu zangu wa kikundi cha wauza dagaa wa soko la Mwaloni, wiki hii mwenzetu amegongwa na bajaji akiwa na ndoo zake za dagaa. Jana nikasikia ameshapokea laki mbili na kuweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hakusomewa. Usingizi umenikataa. Wengi wenu mnajua kuwa nami niliwahi kugongwa na lori nikiwa nimepanda bodaboda barabara ya Musoma, kule Igoma, mguu ukavunjika sehemu mbili. Nilidai, nikalipwa, lakini nilipoteza hela ambayo ilikuwa haki yangu kwa sababu ya mambo madogo ya siku za mwanzo. Kwa hiyo nayaandika yote hapa.

Hatua ya 1: Polisi na hospitali siku hiyohiyo

Mgonjwa apelekwe hospitali kwanza, iwe Sekou Toure, Bugando au kituo cha afya kilicho jirani. Wakati huo ndugu mmoja akimbilie polisi kuchukua PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi. PF3 ikishajazwa na daktari, toa nakala kabla hujairudisha. Mimi sikutoa, na kuipata tena kulinichukua wiki tatu za nenda rudi.

Aliye na simu apige picha: namba ya gari, lilivyosimama, alama za matairi, stika ya bima kama inaonekana. Chukueni namba za simu za watu wawili au watatu walioshuhudia. Mashahidi wa barabarani wana huruma sana saa ile ya kwanza. Baada ya mwezi humpati hata mmoja. Ukiwa na namba ya gari tu, unaweza kuingia kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ukaona kama gari lilikuwa na bima na ya kampuni gani. Bima ya kulinda watu wengine ni lazima kisheria kwa kila gari barabarani.

Hatua ya 2: Usisaini chochote kitandani

Hapa ndipo watu wetu wanapoumizwa mara ya pili. Siku ya nne nikiwa wodini alikuja mzee mmoja mpole, ndugu wa mwenye lori, na matunda na bahasha ya laki tano. "Mama, hii ni pole tu, saini hapa tuonyeshe tumekuja." Karatasi ile ilisema nimelipwa fidia yote na sitadai tena popote. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyeisoma kwa sauti na kumrudishia bahasha yake.

Pole si fidia. Anayetaka kukusaidia dawa na chakula anaweza kulipa moja kwa moja dirishani, akaandikiwa risiti. Na siku ya nne hakuna daktari anayejua kama utatembea vizuri. Mimi niliwekewa vyuma, na baada ya mwaka nikapasuliwa tena vitolewe. Laki tano isingefika hata nusu ya safari hiyo.

Tahadhari hiyohiyo iwepo kampuni ya bima ikikuletea hati ya kumaliza madai. Ukishaisaini umefunga mlango, kwa hiyo isomwe kwanza na mtu aliye upande wako.

Hatua ya 3: Bahasha ya karatasi

Mahakama inagawa fidia mafungu mawili. La kwanza ni fidia mahsusi, yaani hela iliyokutoka kweli: dawa, vipimo, magongo, nauli. Hiyo lazima uitaje kiasi chake na kuithibitisha senti kwa senti. La pili ni fidia ya jumla, ya maumivu, ulemavu na maisha yaliyoharibika, na hiyo hakimu au jaji hukadiria mwenyewe kwa busara yake.

Risiti za dawa nilikuwa nazo. Nauli za bajaji kutoka Igoma hadi Bugando, miezi saba, sikuwa na hata karatasi moja, na nauli hizo zote zikakatwa. Mngekuwa mnamwandikisha dereva jina, tarehe na kiasi kwenye daftari, akasaini, mngekuwa na pa kuanzia.

Kwetu wauza dagaa ugumu ni kuthibitisha kipato, maana hatuna hati ya mshahara. Wakili wangu aliniuliza, "Mama, mahakama itajuaje ulikuwa unapata nini?" Nikampelekea daftari la mauzo, risiti za ushuru wa soko, na taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita kabla ya ajali. Vilimsaidia kuliko maneno yangu yote. Anayeuza bila daftari aanze leo, hata kama hajagongwa wala hatagongwa.

Mwisho wa matibabu omba ripoti ya daktari inayoeleza jeraha, matibabu yaliyobaki na kiwango cha ulemavu wa kudumu.

Hatua ya 4: Kumpata wakili wa kweli

Vishoka wapo, na wanapenda sana kuzunguka wodi za majeruhi. Wakili halisi ana leseni inayohuishwa kila mwaka, na jina lake unalikuta kwenye mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili. Tafuta jina lake kabla hujatoa hata elfu kumi. Kisha mwandikiane: ada ni kiasi gani, gharama za mahakama nani atalipa, na hela ya fidia itaingia akaunti ya nani. Swali hilo la mwisho liulize bila aibu. Kila hela unayompa, dai risiti.

Hatua ya 5: Barua, kesi ya trafiki, na mahakama

Wakili ataanza na barua ya madai kwa dereva, mwenye gari na kampuni ya bima. Mara nyingi mambo huishia hapo kwa mazungumzo. Mwenye gari haponi kwa kusema "mimi sikuwa naendesha". Dereva akiwa kwenye kazi yake, uzembe wake unamfikia tajiri.

Huku kesi ya trafiki inaendelea, na wengi huipuuza. Msiipuuze. Dereva akitiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, hukumu ile inahesabika kwenye kesi yenu ya madai kama uthibitisho kamili kwamba alitenda kosa. Akiachiwa huru nayo inahesabika vilevile, upande wake. Kwa hiyo ukiitwa kutoa ushahidi, nenda hata kwa magongo.

Mazungumzo yakishindikana, mnafungua madai mahakamani. Mdaiwa ana siku 21 za kujibu, kisha shauri hupelekwa kwanza kwenye usuluhishi wa mahakama kabla ya kusikilizwa. Langu liliishia kwenye usuluhishi, kikao cha pili. Na ukomo wa kufungua ni miaka 3 tangu siku ulipoumia. Mazungumzo matamu ya bima hayasimamishi saa hiyo.

Maswali ya wanakikundi

Dada, na kama gari halina bima kabisa?

Deni halifutiki. Dereva na mwenye gari wanabaki kudaiwa wenyewe. Ugumu ni kukamata hela baada ya kushinda, ndiyo maana wakili ataulizia mapema kama mwenye gari ana mali.

Mwanangu alikatwa vidole kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Naye aende kwa wakili?

Mama, huyo njia yake ya kwanza ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Haulizi nani alikosea. Unaangalia kama aliumia akiwa kazini. Taarifa ifike ndani ya miezi 12 tangu ajali. Mwajiri akisuasua, aende mwenyewe ofisi ya Mfuko na karatasi za hospitali.

Lililotugonga lilikuwa gari la serikali.

Wakili apewe habari hiyo siku ya kwanza kabisa, kaka. Serikali hushtakiwa baada ya kupewa notisi ya siku 90, na shauri linakwenda Mahakama Kuu.

Shemeji yangu alifariki palepale. Nani anadai?

Poleni sana. Wategemezi wake, yaani mke, watoto na wazazi, wana haki ya kudai. Anzeni kikao cha ukoo na kufungua mirathi ili apatikane msimamizi, na mtunze ushahidi kuwa alikuwa anawalisha: ada za shule, kodi ya nyumba, hela alizokuwa akituma kwa simu.

Sisi tusio na hela ya wakili je?

Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa huhudumia bure. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya, Ilemela au Nyamagana.

Mimi ni mdogo wake huyo aliyeweka dole gumba. Ndiyo basi tena?

Mdogo wangu, sitakudanganya, imekuwa ngumu. Ila makubaliano yanataka ridhaa ya kweli, na mtu asiyejua kusoma ambaye hakusomewa, tena yuko kwenye maumivu, ana hoja ya kumpa wakili. Hela iliyobaki msiitumie. Andikeni leo majina ya waliokuwepo alipowekeshwa dole. Kesho nitakuwa Mwaloni kabla mzigo wa Ukerewe haujashuka. Njoo na nakala ya karatasi hiyo na PF3, twende wote kwa wakili saa tatu.