Maswali ya Jetini: Jinsi ya Kuandika Mtandaoni Ukapatikana

Ami yangu ana jahazi, nami ndiye niliyemtengenezea tovuti. Nilipoianza nilijaza ukurasa wa kwanza maneno matamu: karibuni Lamu, lulu ya Bahari ya Hindi, mji usio na haraka. Binamu yangu wa Mombasa aliusoma kwa sababu nilimtumia kiungo. Baada yake hakuna. Miezi ikapita, na kila Ijumaa baada ya sala ami ananiuliza, "Eh mwanangu, wale wageni wako wa intaneti wamekwama wapi?" Sina jibu.

Siku hizi majibu ninayo machache, na vijana wa mtaa wetu wa Langoni wanaofungua blogu zao hunisimamisha vichochoroni kuniuliza yale yale. Nayaandika hapa nipumzike.

"Niandike nini ili Google inioneshe?"

Hili ndilo swali lenyewe, na nitakaa nalo.

Nilichukua daftari nikaenda kukaa jetini siku tatu, pale boti za Mokowe, bandari ya upande wa bara, zinaposhusha abiria. Kila mgeni aliyeuliza kitu niliandika swali lake kama lilivyomtoka mdomoni. Gari linaingia mpaka huku? Boti ya mwisho kurudi Mokowe ni saa ngapi? Kwenda Shela kwa miguu ni mbali? Nikivaa kaptura watu watakasirika? Takwa tunakwenda lini? Kurasa nne za daftari zilijaa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza lulu iko wapi.

Mtu akishika simu huuliza vile vile anavyouliza jetini, ila hupunguza maneno: "shela kwa miguu", "boti mokowe lamu saa ngapi". Basi ukurasa mmoja ubebe swali moja. Swali likae kwenye kichwa, jibu likae kwenye aya ya kwanza. Kijiji cha Shela ni kama kilomita 3 kutoka mjini, dakika 45 hivi ukifuata ufuo, na jua la saa saba si la mchezo. Hilo ndilo jibu. Habari za misikiti na nyumba za kale zije chini, kwa anayezitaka.

Kama kwenu hakuna jeti, fungua Google, andika neno lako la kwanza halafu usibonyeze kitu. Maneno yanayojitokeza chini yake yametokana na yale watu wanayoyatafuta. Kisha tafuta, ushuke mpaka mwisho wa ukurasa, utakuta mengine. Ni bure, na mimi naiamini orodha hiyo kuliko programu nyingi za kulipia zinazotangazwa kwa wanaoanza.

Ukurasa uliotufungulia njia ni wa Takwa. Magofu yale yako kisiwa cha Manda, na boti huingia kwa mkondo unaopenya katikati ya mikoko. Maji yakiwa yamekupwa hufiki, utakaa kwenye tope ukihesabu kaa. Kurasa nyingi nilizozisoma zilisema "nenda maji yakijaa", basi, kama kwamba mgeni wa kutoka bara anajua maji hujaa lini. Nilimkalisha ami kitako anieleze. Akanipa habari za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na kwamba kila siku maji huchelewa kujaa kwa karibu dakika 50, kwa hivyo saa ya jana si saa ya leo. Akasema ingia maji yakiwa bado yanapanda, ili ukitoka uyakute hayajakuacha. Nikaandika hivyo hivyo, na picha ya jahazi lililokwama nikaiweka. (Si la ami. Ami angenifukuza nyumbani.)

Nilikuja kusoma baadaye kwamba Desemba 2022 Google iliongeza neno uzoefu kwenye mwongozo inaowapa wakaguzi wake wa ubora, yaani watu wanaoyapima majibu yake: je, anayeandika jambo hili amelifanya, amefika, ameshika kwa mkono? Wakaguzi hao hawana uwezo wa kupandisha au kushusha ukurasa wa mtu mmoja mmoja, lakini mwongozo unakuonyesha mwenye nyumba anapenda wageni wa aina gani. Ami hajawahi kufungua tovuti yake mwenyewe, lakini uzoefu anao wa miaka arobaini baharini.

Kuna na jambo la lugha. Mimi ni Mwamu, mtu wa Lamu. Nikizungumza nasema ndia, nasema mato. Lakini aliyeko Nakuru au Morogoro ataandika njia, ataandika macho. Kichwa nakiandika kwa Kiswahili cha wote, ndani nikiteleza kidogo hakuna ubaya. Dada yangu anayeandika mapishi alikuta shida hiyo hiyo kwenye mahamri: wengine huandika mahamuri, wengi wa Tanzania wakitaka kitu cha jamii hiyo hutafuta maandazi. Nilimwambia ayataje majina yote mahali yanapoingia vizuri, "haya ambayo wengine huyaita mahamuri", mara moja, aendelee na unga wake.

Na saa! Niliandika safari inaanza saa nne. Mgeni mmoja alikuwa amesoma ukurasa huo kwa tafsiri ya mashine, na mashine ilimwambia nne kama nne ya kwao, yaani saa kumi yetu. Alikuja jetini saa kumi jioni na kofia na chupa ya maji. Tangu siku hiyo naandika saa nne asubuhi, na pembeni yake 10:00.

Ukitaka kuandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kila lugha ipate ukurasa wake. Usizichanganye kwenye ukurasa mmoja kama tunavyozichanganya midomoni. Usiogope Kiswahili kwa kudhani hakina wasomaji. Swali la nauli ya boti likiulizwa kwa Kiingereza majibu ni tele. Kwa Kiswahili mara nyingi utakuta nafasi iko wazi.

"Nimeandika vizuri, mbona sionekani kabisa?"

Kwanza hakikisha kama Google inakujua. Kwenye sehemu ya kutafutia andika site: na jina la tovuti yako, bila kuacha nafasi katikati. Zikitokea kurasa zako, unajulikana, tatizo lako ni la daraja, yaani nafasi unayopewa kwenye majibu ya Google. Lisipotokea kitu, huenda hujaingia kwenye orodha kabisa.

Mimi sikutokea. Nilihangaika, nikabadilisha rangi, nikabadilisha vichwa, nikanunua bando baada ya bando kutazama mafunzo ya video. Kosa lilikuwa kisanduku kimoja. Kwenye WordPress, programu ninayoendeshea tovuti, ukiingia Mipangilio, sehemu ya kusoma, chini kabisa kuna mahali pa kuziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Nilikitia alama siku ya kwanza, nikiona haya watu wasione kazi haijakamilika, nikasahau. Miezi mitano nilikuwa nimefunga mlango kwa ndani huku nikilalamika hakuna anayebisha.

Nilipoiondoa alama ile nilijiandikisha Google Search Console, huduma ya Google ya kukuonyesha tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji, nayo ni bure. Utaombwa uthibitishe kwamba tovuti ni yako, kisha uwape anwani ya ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya kurasa zako. WordPress hulitengeneza lenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020. Ongeza tu /wp-sitemap.xml mwisho wa jina la tovuti utaliona. Humo humo unaweza kubandika anwani ya ukurasa mpya na kuomba uangaliwe. Ombi si amri: huenda ukaingia baada ya saa chache, huenda ukangoja wiki kadhaa, na Google haimwahidi mtu kwamba kila ukurasa utaingia. Kubonyeza ombi mara kumi kwa siku hakuharakishi kitu. Nimejaribu.

"Nitumie Blogger au WordPress? Ninunue jina?"

Yoyote utakayoweza kuitumia bila kumwita mtu. Blogger ni ya Google tangu 2003, ni bure, na kuwa ya Google hakukupi upendeleo kwenye utafutaji. Jina la tovuti nunua ukiwa na uhakika utaendelea. Majina ya .ke husimamiwa na KeNIC lakini huuzwa na mawakala; .co.ke ni la biashara, .me.ke la mtu binafsi. Ukinunua, andikisha kwa barua pepe yako mwenyewe, si ya fundi. Hili silielezi zaidi, lina uchungu wake.

Anwani ianze na https, ile yenye usalama. Google iliihesabu kuwa alama ndogo ya daraja tangu 2014, na vyeti vya bure vya kuipata vipo, kama vya Let's Encrypt.

"Neno muhimu nilirudie mara ngapi? Makala yawe maneno mangapi?"

Hakuna hesabu. Lisome kwa sauti. Likianza kukera masikio, umelizidisha. Ile sehemu iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa ya kuorodhesha maneno muhimu (meta keywords) usiisumbukie. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii katika kupanga daraja. Kuhusu urefu, swali la kaptura nililijibu kwa aya tatu na linasomwa.

Picha, na mtu aliye kwenye boti

Fikiria anayekusoma: yuko Mokowe, begi miguuni, mtandao unakuja na kuondoka kama upepo wa matlai. Picha zangu za kwanza zilitoka kwenye simu moja kwa moja, kila moja megabaiti 5. Ukurasa ulikuwa na nane. Piga hesabu ya bando la mtu huyo.

Punguza upana mpaka pikseli 1200 hivi, kisha ibane iwe chini ya kilobaiti 200. Programu za bure za kufanya hivyo zipo tele, hata ndani ya simu. Google yenyewe husema kitu kikubwa kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Faili lipe jina la kueleweka, jahazi-matondoni badala ya namba za kamera, na uandike maelezo mafupi ya picha kwa ajili ya asiyeona na kwa ajili ya mashine. Halafu tazama ukurasa wako kwenye simu ya bei rahisi ya mtu mwingine, si kwenye kompyuta ya saiba. Google siku hizi huipima tovuti kwa sura yake ya simu. Kazi ya kuhamia huko ilitangazwa kukamilika Oktoba 2023.

"Kuna mtu ananiuzia viungo, nilipe?"

Usilipe. Mimi nililipa shilingi elfu tatu.

Larry Page na Sergey Brin walipoianzisha Google mwaka 1998, wazo lao lilikuwa kwamba tovuti ikikuelekezea wasomaji kwa kiungo, ni kama imekudhamini, na mdhamini mwenye jina anamzidi asiyejulikana. Huku kwetu hilo halihitaji maelezo. Mtu akitaka mke huulizwa nani anamjua, wala hakuna anayeleta mashahidi mia tano wa kukodi kutoka miji isiyojulikana.

Mimi nililetewa hao mia tano. Tovuti za kamari, za dawa, za lugha ambazo hata herufi zake sizijui, zote ghafla zinapenda jahazi la ami. Daraja halikusogea. Tangu badiliko waliloliita Penguin la Aprili 2012 Google imekuwa ikivipiga vita viungo vya namna hiyo, na tangu 2016 sehemu kubwa huvipuuza tu. Pesa zangu zikapuuzwa navyo.

Kiungo changu cha kwanza cha maana kilitoka kwa nyumba ya wageni huko Shela. Wageni wao walikuwa wakiuliza habari za maji ya Takwa kila siku, mwenye nyumba akachoka, akaweka kiungo cha ukurasa wetu. Sikumwomba. Ukitaka kuomba, omba kwa anayekuhitaji: mwenye nyumba ya wageni, mwalimu, kikundi cha wasusi wa mikeka. Mpe ukurasa unaompunguzia kazi.

Mengine kwa haraka

Akili bandia ikuandikie? Google imesema tangu 2023 inaangalia ubora wa maandishi, si kilichoyaandika, na Machi 2024 ikaweka kanuni dhidi ya wanaomwaga kurasa kwa wingi ili tu wapande daraja. Mimi niliijaribu. Ilinieleza jinsi ya kuegesha gari mjini Lamu, mji wa punda na vichochoro.

Pesa za matangazo? AdSense, huduma ya matangazo ya Google, hailipi mpaka ufikishe dola 100, na kwa wasomaji wachache utazingoja mpaka mikoko izeeke. Faida yetu huja kwa simu ya ami kulia.

Ukibadilisha anwani ya ukurasa wa zamani, weka maelekezo ya kudumu (redirect) ya kumpeleka msomaji kutoka ya zamani kwenda mpya, ama viungo vyote ulivyopata vitaishia ukutani.

"Nitajuaje kama inafanya kazi?"

Mara moja kwa wiki, si kila saa, fungua Search Console sehemu ya matokeo ya utafutaji. Utaona maneno watu waliyoandika, mara ngapi umeonekana, na mara ngapi umebonyezwa. Mimi huanzia na yale niliyoonekana bila kubonyezwa. Wakati mwingine kichwa hakieleweki, nakibadilisha. Wakati mwingine ni swali ambalo sijawahi kulijibu, limenikuta kwa bahati tu.

Wiki hii limo la namna hiyo: "bei ya punda lamu". Sina ukurasa wa punda, na bei siijui. Jirani yetu ana punda sita wa kubeba mchanga na matofali, hutoka alfajiri. Kesho nitamwahi kwa daftari kabla hajawatandika.