Kuvunja mkataba wa gesi na umeme Uingereza: piga hesabu kabla ya kuhama kampuni

Wengi wanaoniletea bili zao wanakuja na habari moja tu: kampuni fulani ina bei nafuu. Nikiuliza mkataba wa sasa umebakiza miezi mingapi, hawajui. Pesa zinapotelea hapo. Maelezo haya ni ya nyumba za England, Wales na Scotland. Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake.

Hatua ya 1: Jua uko kwenye bei gani. Fungua bili ya karibuni, utafute jina la bei yako, tarehe ya mwisho wa mkataba, na maneno exit fee. Hiyo ndiyo ada ya kuvunja mkataba. Inawahusu waliofunga bei kwa muda maalumu, mwaka mmoja au miwili. Kama uko kwenye bei ya kawaida isiyofungwa kwa muda, inayopanda na kushuka kufuatana na ukomo wa bei unaowekwa na Ofgem, mdhibiti wa nishati, hudaiwi ada hiyo. Vilevile uliyehamia nyumba ukarithi kampuni ya mpangaji aliyetangulia bila kukubaliana nayo mkataba wowote, uko huru kuondoka. Na kama umejiunga juzijuzi, una siku 14 za kughairi bila adhabu.

Hatua ya 2: Hesabu siku 49. Hapa naomba utulie. Katika siku 49 za mwisho za mkataba, kampuni hairuhusiwi kukutoza ada kwa kuhamia kwingine. Mkataba ukiisha 30 Juni, dirisha linafunguka 12 Mei. Mimi humwambia mtu asubiri siku mbili tatu zaidi, asije akabishana na kampuni kuhusu tarehe. Barua ya kukukumbusha kwamba mkataba unaisha hutumwa karibu na wakati huohuo. Tafadhali usiitupe pamoja na matangazo.

Hatua ya 3: Ukiwa bado mbali na dirisha, linganisha. Ada hutozwa kwa kila huduma, gesi mbali na umeme mbali. Tuseme ni pauni 50 kila moja: jumla 100. Bei mpya inakuokolea pauni 12 kwa mwezi. Ikiwa imebaki miezi 5, utaokoa 60 na kulipa 100, bakia ulipo. Ikiwa imebaki 11, utaokoa 132, faida pauni 32. Unapokadiria, tumia uniti ulizotumia mwaka mzima. Bili ya Januari peke yake itakudanganya, maana hita zilikuwa zinawaka kutwa.

Hatua ya 4: Kama unahama nyumba, piga simu kabla hujafunga mizigo, angalau saa 48 kabla. Uliza mambo mawili: je, naweza kuhama na bei yangu? Nisipoweza, mtanifutia ada? Kampuni hazifanani katika hili, kwa hiyo omba jibu kwa maandishi.

Hatua ya 5: Piga picha mita. Siku ya kukabidhi funguo, fungua kabati la mita, washa tochi ya simu, upige picha tarakimu zote pamoja na namba ya mita yenyewe. Tarakimu nyekundu, au zile zilizo baada ya nukta, usizisome kwenye simu; taja zilizotangulia tu. Hata mwenye mita janja (smart meter, inayotuma tarakimu zake yenyewe kwa kampuni) afanye hivi. Bila picha, kampuni itakadiria, na makadirio ni vigumu kuyapinga ukiwa umeshaondoka.

Hatua ya 6: Ifuatilie bili ya mwisho. Inatakiwa ikufikie ndani ya wiki 6, na salio lako lirudishwe ndani ya siku 10 za kazi baada ya bili hiyo. Wanaolipa kiasi kilekile kila mwezi mara nyingi huwa na akiba huko, hasa mwisho wa kiangazi, kwa hiyo usiifunge akaunti ya benki inayolipia kabla fedha hazijaingia. Ukikuta ada usiyostahili, andika malalamiko rasmi kwa kampuni. Wiki 8 zikipita bila suluhu, lipeleke shauri kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa migogoro ya wateja na kampuni za nishati. Hakulipishi chochote, na uamuzi wake, ukiukubali, unaifunga kampuni.