Anza Gari Likiwa Baridi: Kulikagua na Kuliosha Gari Lako Nyumbani

Watu wengi wanaoleta gari gereji huanza na maneno yaleyale: "Fundi, lilikuwa zima kabisa, limezingua ghafla tu." Katika miaka yangu ya kazi, magari yaliyoharibika ghafla kweli ni machache sana. Mengi yalikuwa yameshatoa dalili wiki kadhaa nyuma, ila hapakuwa na aliyetazama. Namkumbuka mteja mmoja aliyefika akivutwa kwa kamba. Gari lilikuwa linang'aa, rimu zinameremeta, ndani kunanukia vizuri. Nikachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili ya injini. Kijiti kilikuwa kikavu, isipokuwa ncha iliyoshika tone moja jeusi, zito kama lami. Injini ilikuwa imekwama. Mwenyewe aliliosha gari hilo kila wiki bila kukosa, na hakuwahi kufungua boneti hata siku moja.

Ndiyo maana mimi sitenganishi kuosha na kukagua. Siku uliyoamua kushika ndoo, ipe gari nafasi ya kukueleza hali yake kwanza. Fanya kazi hii asubuhi, kabla hujaliwasha. Gari lililolala usiku kucha oili yake yote imeshuka chini, maji ya rejeta hayana presha, upepo wa matairi uko kwenye kipimo chake halisi, na bodi haina joto la kukaushia sabuni kabla hujaisuuza. Ukilitembeza kwanza, hata kilomita chache, hivi vyote vinabadilika.

Andaa vitu hivi: ndoo mbili, glavu ya kuoshea au sponji laini, vitambaa vya nyuzi ndogo vitano au sita, sabuni ya magari, brashi mbili (ya rimu na ya ndani), geji ya upepo, spana ya kulegezea vichwa vya betri, tochi na kijitabu cha gari. Kijitabu hicho wengi wamekifungia kwenye droo ya dashibodi bila kukisoma, lakini vipimo vyote vya gari lako vimo humo.

Hatua ya 1: Tazama chini kabla ya kugusa chochote

Egesha gari jioni mahali tambarare penye kivuli, vuta breki ya mkono, toa ufunguo. Tandika katoni safi chini ya injini. Asubuhi ivute uitazame. Doa la kahawia au jeusi lenye utelezi ni oili ya injini. Jekundu mara nyingi ni ya gia au ya usukani. La kijani, la waridi au la bluu, lenye utelezi mwepesi, ni kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Maji meupe yasiyo na utelezi ni ya kiyoyozi, na hayo hayana shida. Doa dogo si sababu ya kuingia hofu, lakini weka alama mahali lilipodondokea. Fundi akijua oili inatoka upande gani, kazi yake inapungua nusu.

Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Jeki ni ya kuinulia, haikuundwa kubeba gari mtu akiwa chini yake. Wala usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wa ekzosi una monoksidi ya kaboni, gesi inayoua na isiyo na harufu.

Hatua ya 2: Oili ya injini

Chomoa dipstiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, kisha ichomoe tena usome. Usisome mara ya kwanza, kwa kuwa kijiti kinakuwa kimepakaa oili iliyotapakaa kwenye bomba lake. Kiwango kinatakiwa kiwe kati ya alama mbili, na mimi napendelea kikae karibu na ile ya juu. Katika magari mengi madogo, nafasi kati ya alama hizo ni takriban lita 1, kwa hiyo ukiongeza, ongeza kidogokidogo, subiri, upime tena. Kuzidisha nako kuna madhara. Kranki, mhimili unaozunguka chini ndani ya injini, ikianza kuipiga oili iliyozidi, oili inatoa povu, na povu halilainishi chuma.

Baada ya hapo isugue oili kati ya kidole gumba na cha shahada. Weusi peke yake si ugonjwa, hasa kwenye injini ya dizeli, ambako oili mpya hubadilika rangi mapema. Kinachonisumbua mimi ni chengachenga kama za mchanga mwembamba, au harufu kali ya petroli. Na ukikuta oili imekuwa kama chai ya maziwa kwenye dipstiki yenyewe, usiliwashe gari. Maji yameingia kwenye oili, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi, kizibo chembamba kinachotenganisha maji na oili, imeshapasuka. Utando mwepesi wa rangi hiyo chini ya kifuniko cha kujazia tu ni jambo jingine: unaweza kutokana na safari fupifupi ambazo haziipi injini muda wa kupata joto la kutosha kukausha unyevu.

Kuhusu aina ya oili, fuata kijitabu. Maandishi kama 5W-30 yana maana. Namba ya kwanza inaonyesha inavyotiririka kwenye baridi, ya pili uzito wake injini ikiwa na joto. Wapo wanaoshauri gari la zamani lipewe oili nzito zaidi ili lisile oili. Sikubaliani nao. Oili nzito huchelewa kufika sehemu za juu za injini unapowasha asubuhi, na hapo ndipo chuma husagana na chuma.

Hatua ya 3: Maji ya kupozea

Hapa naomba unisikilize vizuri. Nikiwa bado najifunza kazi, nilifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa na moto. Nilikizungusha robo tu. Maji yaliruka kama yametoka kwenye bunduki, na kovu lipo hadi leo, kuanzia kiganja cha mkono wa kulia mpaka karibu na kiwiko. Sababu yake ni hii: mfumo ule hufungiwa presha ili maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Ukifungua, presha inashuka na maji yanachemka yote kwa mpigo. Usikifungue kifuniko mpaka uweze kulishika bomba la juu la rejeta kwa mkono mtupu na kuendelea kulishika.

Kwa kawaida huna haja ya kukifungua kabisa. Tazama chupa ya akiba pembeni, yenye alama ya chini na ya juu. Ikipungua mara kwa mara, kuna mahali panavuja, na kuongeza kila wiki si tiba. Maji matupu yatakusogeza siku ya dharura, lakini yakikaa yanaleta kutu na magamba kwenye njia nyembamba za ndani ya injini. Kama kulanti uliyonunua ni nzito isiyochanganywa, mchanganyiko wa kawaida ni nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Usichague kwa rangi, kwani rangi haikuhakikishii aina. Chupa yake iweke mbali na watoto na wanyama: kulanti nyingi zina ladha tamu, na ni sumu.

Hatua ya 4: Mafuta ya breki

Hapa ni kutazama tu kwa nje ya chupa yake. Kiwango kikishuka taratibu kwa miezi, pengine pedi za breki zinaisha. Kikishuka ghafla, kuna uvujaji, usiendeshe. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewani, kwa hiyo usifungue kifuniko bila sababu, na watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo, yanababua.

Hatua ya 5: Betri

Ukiona unga mweupe au wa kijani umeota kwenye vichwa vya betri, usafishe. Legeza kwanza kichwa cha hasi, kisha cha chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeme unapiga shoti hapohapo na cheche zinaruka, nayo betri hutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto kwa urahisi. Vaa glavu, koroga kijiko cha bikaboneti ya soda kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, sugua kwa mswaki mkuukuu mpaka povu likome, futa, kausha. Kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Paka grisi kidogo juu yake. Magari mengine yana redio au kengele inayodai namba ya siri umeme ukikatwa, hakikisha unayo kabla ya kulegeza chochote. Kwa mwenye mita, betri iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6.

Hatua ya 6: Matairi

Kipimo sahihi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyochapwa kwenye tairi lenyewe ni ukomo wa juu wa tairi, na wapo wengi wanaojaza upepo kwa kuifuata wakidhani ndiyo kipimo cha gari. Pima yote manne pamoja na la akiba. Tairi moja likiwa pungufu kuliko wenzake kila ukipima, paka povu la sabuni kwenye vali yake. Likitoa mapovu, umeipata sababu bila kulipia chochote.

Sasa pitisha kiganja polepole juu ya meno ya tairi, kwenda na kurudi, ukichunga nyaya zilizochomoza. Kiganja hugundua kitu ambacho macho hayakioni. Likiwa laini ukienda na linakwaruza kama msumeno ukirudi, magurudumu hayajapangwa sawa. Likiwa limelika pembeni zote mbili, limekuwa likitembea na upepo mdogo. Likiwa limelika katikati, upepo ulizidi. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira. Meno yakishafika usawa wao, yamebaki milimita 1.6, na nchi nyingi zinaihesabu hiyo kuwa mwisho wa tairi. Kwenye mvua mimi singengoja lifike hapo.

Tafuta pia namba 4 za mwisho baada ya herufi DOT. Zikisoma 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini mpira umepasukapasuka ubavuni limezeeka, na linaweza kupasuka ukiwa mwendo kasi.

Hatua ya 7: Ndani kabla ya nje

Anza ndani, la sivyo vumbi la mazulia litatua juu ya bodi uliyokwisha kuiosha. Toa mikeka, ikung'ute. Fyonza vumbi kutoka juu kwenda chini, huku ukisogeza viti mbele na nyuma. Dashibodi ifute kwa kitambaa kilicholowana kidogo tu. Usinyunyizie dawa moja kwa moja kwenye swichi. Viti vya kitambaa visiloweshwe chapachapa: povu kidogo, brashi laini, futa, kisha acha milango wazi mpaka vikauke. Ukibonyeza zulia la mbele na likatoa maji wakati hukulimwagia, kuna maji yanaingia kutoka mahali fulani.

Hatua ya 8: Kuosha bodi

Kwanza toa kwa mkono majani yaliyokwama chini ya waipa, kwani huziba vitundu vya kupitishia maji, na hapo ndipo zulia lilipolowania. Kinyesi cha ndege kifunike kwa kitambaa chenye maji dakika 10, usikikwangue. Kinaunguza rangi kikikaa.

Osha rimu na matairi mwanzo, kwa brashi na maji yake, kwa sababu vumbi la breki ndilo uchafu mbaya kuliko wote. Kisha mwagia gari zima maji ya kutosha, na ndani ya matao ya magurudumu pia, tope liondoke lenyewe. Ndoo moja iwe na sabuni, nyingine maji matupu. Chovya glavu kwenye sabuni, osha sehemu moja, suuza glavu kwenye maji matupu, ndipo urudi kwenye sabuni. Ukimaliza, pitisha vidole chini ya ile ndoo ya maji matupu. Mchanga utakaoukuta umetulia pale ungekuwa unausugua kwenye rangi. Mistari ya duara inayoonekana kwenye magari meusi jua likiyapiga imetokana na huo.

Anza na paa, malizia na bampa na sehemu za chini, ukienda kwa mistari iliyonyooka. Sponji ikianguka chini, iweke pembeni, chukua nyingine. Sabuni ya vyombo na ya unga ya kufulia ziache jikoni, kwa kuwa zinaondoa nta inayolinda rangi. Injini nayo usiipigie maji ya presha. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu, maana soketi za umeme zikiingia maji utatafuta ubovu usioonekana.

Suuza, kausha mara moja kwa kitambaa kikubwa, fungua milango ufute kingo zake. Vioo vifanye mwisho, kwa vitambaa viwili, cha kufutia na cha kukaushia. Mpira wa waipa upanguse hapohapo. Kitambaa kikitoka cheusi na kioo bado kina michirizi, badilisha.

Hatua ya 9: Liwashe

Washa ufunguo bila kuwasha injini na utazame taa za dashibodi zikiwaka zote, kisha uwashe injini uone kama zinazimika. Taa ya oili ikigoma kuzimika, zima injini mara moja. Mwombe mtu asimame nyuma akuangalizie taa za breki na za kurudi nyuma. Halafu toka taratibu, na ukiwa mahali wazi kanyaga breki mara tatu au nne kwa upole, maana diski zimelowa na kutu nyepesi hushika haraka. Mkwaruzo wa kanyago za mwanzo ni wa kawaida. Mkwaruzo huo ukiendelea baada ya kilomita moja, geuza, mpigie fundi wako umwambie ni gurudumu lipi.