SOMO: Kontena linapoikataa terminali yako

Umeingia kwenye kontena la mbali (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu) kwa ssh, njia ya kuingia kompyuta nyingine kupitia mtandao, ukaita nano, kihariri cha maandishi, ukajibiwa:

`Error opening terminal: xterm-kitty.`

Usiisakinishe nano upya. Mimi nilifanya hivyo mara tatu jioni moja, na nano haikuwa na kosa lolote.

Terminali yako, yaani dirisha la kuandikia amri, ina jina, nalo limehifadhiwa kwenye kigezo kiitwacho TERM. Ssh hulibeba jina hilo hadi upande wa pili, na huko programu hulitafuta kwenye hazina ya terminfo ili zijue namna ya kufuta skrini, kusogeza kishale na kuweka rangi. Imeji za kontena, yaani violezo vya kuliundia, hupunguzwa uzito, kwa hiyo hazina yake hubaki na majina machache ya kizamani kama xterm, linux na vt100. Terminali mpya kama Kitty na Ghostty mara nyingi hazimo.

Hatua ya 1. Ukiwa ndani ya kontena:

`echo $TERM`
`infocmp`

Infocmp ikilalamika kwamba haioni faili la jina hilo, tatizo umelipata.

Hatua ya 2. Dawa ya haraka:

`export TERM=xterm-256color`

Hapa unaidanganya programu, ila ni uongo usiodhuru. Utakosa mbwembwe chache tu za terminali yako.

Hatua ya 3. Dawa yenyewe ni kupeleka maelezo ya terminali yako huko. Toka, kisha kwenye kompyuta yako andika, ukiweka jina na anwani zako:

`infocmp -x | ssh jina@seva -- tic -x -`

Angalizo: kontena likifutwa na kuundwa upya, maelezo hayo yanapotea nalo. Kama unaliunda kila siku, yaingize kwenye Dockerfile, faili la maelekezo ya kuunda imeji.

MASWALI

Swali: Mkuu, mimi naingia kwenye kontena kwa `docker exec -it`, siyo ssh. TERM inasema xterm tu, na rangi ni chache.

Jibu: Docker haibebi jina la terminali yako, inaweka xterm yenyewe. Ongeza `-e TERM=xterm-256color` kabla ya jina la kontena.

Swali: Nikiita bash naambiwa `executable file not found`. Kontena limeharibika?

Jibu: Hapana, huenda imeji yake ni Alpine, Linux nyepesi. Haiji na bash, ita `sh`.

Swali: Ctrl-P hairudishi amri ya nyuma mpaka niibonyeze mara mbili. Kibodi yangu mbovu?

Jibu: Kibodi nzima, mkuu. Kwa Docker, Ctrl-P ikifuatwa na Ctrl-Q ni ishara ya kujitenga na kontena, kwa hiyo ukibonyeza ya kwanza inakaa ikiisubiri ya pili. Kwenye `~/.docker/config.json` weka `"detachKeys": "ctrl-@"`, halafu ingia upya.

Swali: Skripti yangu ya cron (kiendesha kazi kwa ratiba) inayoita `docker exec -it` inakufa na `the input device is not a TTY`.

Jibu: Ondoa `-t`. Cron haina skrini.