SOMO: Kukunja ngumi bila kuvunja mkono wako mwenyewe (someni hapa, msinifuate tena inbox)

Asalaam aleykum na habari za jioni wakuu. Hili naliandika mara moja tu, mtu akiniuliza tena namtupia hili hapa aende zake. Tangu bondia wetu wa hapa Tanga, Hassan Mwakinyo, ammalize Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili kulekule kwao Birmingham, 2018, kila dogo wa Makorora na Ngamiani ni bondia, sawa, hamna ubaya, ila mnapiga kuta na minazi kwa mikono mitupu alafu mnakuja gereji kwangu mnaniuliza "bro mbona pamevimba". Mie si daktari na kocha wa kulipwa si mimi, ni fundi baiskeli niliyekaa jimu miaka kumi na kitu na niliyevunjika mara moja.

Ninaposema vifundo ni yale mafundo ya mbele ya ngumi. Pale pa kuvaa saa nitapaita pa saa, tusichanganyane.

1. Kata kucha. Nyoosha vidole vinne, vikunje kuanzia ncha, alafu kunja tena mpaka ncha zizame kwenye kiganja. Basi.

2. Gumba nje. Linalala kwa chini, juu ya pingili za kati za kidole cha shahada na cha kati. Ukilificha ndani ya vidole siku utakayopiga kitu kigumu utalivunja wewe mwenyewe, na likichomoza mbele litatangulia kugonga.

3. Usikaze toka mwanzo. Mkono unakwenda umelegea, unakaza pale unapofika, kama unavyokamua tui, ule mkamuo wa mwisho. Anayekaza toka begani anachoka raundi ya kwanza.

4. VIFUNDO VIWILI NA PA SAA. Hapa ndo nilipoharibu mie kwaiyo tulieni. Ebu shika kifundo cha kidole chako cha mwisho ukitikise juu chini. Kinacheza si ndio? Sasa shika cha shahada au cha kati, hakichezi, au kinacheza kiduchu. Ile mifupa mirefu ya kiganja inayobeba kidole cha shahada na cha kati imefungwa imara kwenye mifupa ya pa saa, ukipiga nayo nguvu inanyooka mpaka kwenye mkono. Ile ya kidole cha pete na cha mwisho imeachiwa icheze ili tuweze kushika mpini. Kwaiyo ukipigia huku nje mfupa unapinda na kukatika shingoni, nyuma kidogo tu ya kifundo.

Mie 2011 nilikorofishana na mteja, ugomvi wenyewe wa ringi ya baiskeli, aibu hata kusema. Nikarusha ngumi ya kuzungusha, jamaa akainamisha kichwa, nikampata utosini na vifundo viwili vya nje. Nikasikia ka! kama kijiti. Yeye akajikuna kichwa. Mie ndo nikakaa chini. Jioni mgongo wa mkono umeumuka kama andazi, na nikikunja ngumi kifundo cha mwisho hakipo, pana shimo. Badala ya kwenda hospitali nikaenda kuchuliwa na mafuta, siku tisa nachuliwa mfupa uliokatika, nalia kama mtoto na naambiwa ni mshipa tu. Wiki ya tatu ndo napigwa eksirei, mfupa umeanza kuunga umepinda. Mpaka leo nikikunja vidole, cha mwisho kinapanda juu ya cha pete, na kusi ikivuma asubuhi spana siishiki vizuri.

Kwaiyo:
– Simama mbele ya ukuta, weka ngumi taratibu, egemea. USIPIGE, egemea. Uzito uwe kwenye cha shahada na cha kati. Ukiusikia kwa cha mwisho geuza.
– Mgongo wa mkono na mkono wa chini vinyooke kama rula. Pa saa pakipinda chini au pembeni wakati wa kugonga, panateguka.
– Ukishazoea, piga pushapu za ngumi pale Raskazone kwenye mchanga maji yakitoka. Sio kwenye saruji.
– Ukiona kifundo kimezama, au vidole ukivikunja vinapishana badala ya vyote kuelekea chini ya gumba, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Barafu kwenye kitambaa, vua pete kabla hakijavimba, nenda.

5. Kichwa sio cha ngumi tupu. Mike Tyson, bingwa wa dunia wakati huo, 1988 alipigana na bondia mwenzake Mitch Green barabarani Harlem, kule New York, bila glovu akavunja mkono wa kulia. Tyson! Wewe wa Chumbageni una mfupa gani? Ukibanwa kweli na huna pa kukimbilia, kichwani tumia kitako cha kiganja, ngumi peleka tumboni.

6. Ukipiga begi la mazoezi funga bendeji, zile za mita 4 na nusu, pitisha pa saa mara nyingi kuliko kwenye vifundo.

Nimemaliza. Maswali.

bingwa_mtarajiwa: mkuu nikitaka nimpige mtu mdomoni meno yatoke hapohapo nafanyaje

Mwandishi: Hujasoma namba 5. Na jino likikuchana kwenye kifundo, mdomo una wadudu wanaoingia mpaka kwenye kiungo, kidole kinaoza. Kidonda cha jino hata kidogo kama punje ni hospitali, usafishwe upewe dawa. Sijibu tena hili.

Side_Boy_TNG: Mbona wazee wa karate wanapiga mbao na mikono inakuwa chuma, nikipiga ukuta kila siku si mifupa itazoea

Mwandishi: Mfupa unakomaa polepole ukipewa mzigo polepole, kweli. Gegedu la kwenye viungo likisagika halioti tena. Na hao wa karate hawapigi ukuta, wanapiga makiwara, ubao unaonesa uliozungushiwa kamba. Umesoma au umekuja kubisha?

mjukuu wa mganga: Babu yangu kaunga mifupa ya watu miaka arobaini, unawadharau wazee

Mwandishi: Sijamtaja babu yako. Nimesema MIE nilichuliwa mfupa uliokatika ukapinda. Babu yako akianza na eksirei nitamletea wateja.

Bi Zuu: Kaka shukrani. Mie ni msusi, mazoezi ya begi nimeanza mwezi jana. Nikipiga ya kulia panauma kwenye kile kishimo chini ya gumba, upande wa pa saa, vifundo haviumi kabisa. Nipumzike au?

Mwandishi: Dada yangu hilo ndo swali. Usipuuze. Ndani ya hicho kishimo kuna kamfupa kadogo ambako damu yake inafika kwa shida, kakipata ufa kanachelewa sana kuunga. Na ubaya wake eksirei ya kwanza inaweza isionyeshe kitu, ukarudishwa nyumbani. Bonyeza hapo na kidole kimoja, pakiuma kwa ndani nenda, waeleze ni kishimo cha gumba, na hata picha ikiwa safi ukirudia baada ya siku 10 mpaka 14 ndo inaonekana. Hapo katikati wanaweza kukufunga hogo, kubali. Najua kusuka ndo riziki, ila kupumzika wiki chache ni bora kuliko mkono mbovu wa kudumu. Na ukipona uje tuangalie pa saa pako, nahisi pananesa kwa nyuma.

Bi Zuu: Nimebonyeza pameuma. Kesho asubuhi nakwenda inshallah.

FUNDI_SELEMALA: Hiyo makiwara naweza kutengeneza ya kamba ya mkonge? Ninayo nyingi

Mwandishi: Tanga bila mkonge tungekuwa wapi. Zungusha mizunguko mingi, ubao wenyewe uwe mwembamba juu ili unese. Mpya inachubua, ivalishe tyubu kuukuu ya baiskeli, njoo uchukue kwangu bure.

Side_Boy_TNG: na begi je, langu nimejaza mchanga

Mwandishi: Mchanga unashuka chini unakuwa jiwe, huku juu unapiga gunia tupu. Toa. Jaza matambara na nyuzi za mkonge zilizokauka vizuri, shindilia kila ukijaza shubiri moja.

FUNDI_SELEMALA: Mie langu lilijaa panya

Mwandishi: Uliliacha chini. Ning'iniza, na kamba usifunge kwenye mwembe wenye siafu, hilo nalo nimeshalipata.