Kuku mzee wa mayai kwenye kikapu cha kupikia

Hapa Nakuru wafugaji huwauza kuku wa mayai wakifika kama mwaka mmoja na nusu, kutaga kukianza kupungua. Bei yao huwa nafuu kuliko ya kienyeji, na bado watu huwakwepa wakisema nyama ni ngumu. Ni kweli ni ngumu, lakini kinachoilainisha ni muda, si moto mwingi. Kano za kuku huyu huyeyuka polepole na kuwa ute, na ute huo ndio unaoufanya mchuzi ushike kwenye tonge. Ukimharakisha kwa moto mkali mwanzo hadi mwisho, minofu hukauka na kuwa nyuzinyuzi. Ndiyo maana mimi hutumia kikapu: sufuria ikishachemka, huiepua na kuifungia humo, nyama ikaendelea kuiva polepole kwa joto lake yenyewe.

Kikapu chenyewe ni kile kikubwa cha sokoni. Kitandike blanketi kuukuu chini na pande zote, unene wa kiganja. Shona mto wa kufunikia juu, uujaze vipande vya nguo kutoka kwa fundi cherehani. Sufuria iingie ikibana, kwa maana joto hupotelea kwenye mapengo.

Kwa watu watano au sita utahitaji kuku mmoja, vitunguu 2, nyanya 4, karoti 2, viazi 4, punje 4 za kitunguu saumu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, chumvi na dhania.

Hatua ya kwanza ni kumbabua manyoya madogo, kumpasua na kumkata vipande. Usiwe na haraka ukifika tumboni. Utakuta mafuta ya manjano, mara nyingi mengi. Usiyatupe! Pengine utakuta pia viini ambavyo havijapata ganda, vimeshikana kama kishada cha zabibu, kimoja kikubwa kama kiini cha yai la kawaida na vingine vidogo kama punje za mtama. Vitenge kando. Kwangu watoto huvigombania.

Hatua ya pili, weka yale mafuta kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo yayeyuke. Yakitosha vijiko viwili, huna haja ya mafuta ya dukani. Kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawia, tia saumu na tangawizi, kisha vipande vya kuku. Vigeuze vishike rangi, ndipo uongeze nyanya na chumvi.

Zikishapondeka, mimina maji ya moto yafunike nyama, kama kidole kimoja juu yake. Funika uache ichemke kwa nguvu dakika 40. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo usipunguze dakika hizo. Zikibaki dakika 10, tia viazi, karoti na vile viini.

Sasa hatua inayoamua kila kitu. Kikapu kiwe wazi karibu na jiko. Epua sufuria ikiwa bado inatokota, kifuniko kikiwa kimebana, itie ndani, weka mto juu na ukandamize. Isizidi dakika moja. Kisha usifunue hata kidogo kwa saa nne. Ukichungulia mara moja, umetoa joto ambalo hulirudishi.

Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili. Mara yangu ya kwanza nilitumia sufuria kubwa ikiwa nusu, na saa nne baadaye nikakuta mchuzi wa uvuguvugu. Nilimwaga chakula chote na iliniuma sana, lakini kuku aliyekaa kwenye uvuguvugu huota vijidudu vya kuharisha, na vingine huacha sumu isiyoondoka hata ukichemsha upya. Ukifunua ukakosa mvuke na sufuria ikashikika kwa mkono mtupu, usiwape watu.

Jumapili mimi huingiza kikapuni saa tatu asubuhi. Tukirudi kanisani saa saba, huwasha jiko, huchemsha mchuzi mpaka utokote tena kwa dakika 10, hunyunyizia dhania, halafu kwa makaa yayo hayo husonga ugali. Paja ukilishika kwa mwiko, mfupa hutoka wenyewe.

Kama una sufuria ya umeme ya kupikia polepole, kaanga vivyo hivyo, punguza maji yafike nusu ya nyama, na uweke moto wa chini kwa saa 8. Viazi viwe chini kabisa, kwa kuwa huko huchelewa kuiva kuliko nyama.